Aliyebisha Hodi Kotor

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, saa nane na dakika ishirini mchana, Monicah alikuwa akichambua maharage kwenye jiko la pamoja la nyumba anayopanga Bellevue, simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa kwanza wa sauti kutoka kwa dada yake. Saa hiyo hakuikariri. Imo ndani ya simu mpaka leo, naye ameitazama mara nyingi kuliko inavyofaa.

Ilikuwa siku ya kawaida ya baridi ya Johannesburg, jua linang'aa bila kupasha kitu. Nyumba ile zamani ilikuwa ya familia moja; sasa kila chumba kina mpangaji wake, na jiko ni la wote. Kwenye sinki alisimama Mama Léocadie, Mrundi anayesuka nywele katikati ya jiji karibu na stendi ya teksi, akisugua sufuria na kuimba pambio kwa Kirundi.

Monicah aliweka simu mezani na kufungua sauti.

"Monie! Mdogo wangu, tumetua, tumechukua gari, tuko njiani. Hii Montenegro ni kituko. Milima imesimama wima kama imeitwa mstarini, halafu chini yake bahari papo hapo, katikati hakuna hata pa kuweka mguu. Barabara imebanwa hapo kama uzi. Na Roy anaendesha upande wa kulia, anasali kimoyomoyo."

"Nasikia!" sauti ya kiume ilisema.

"Sikia basi, na urudi kwenye mstari wako."

Monicah alicheka. Lorraine ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki kule Bungoma. Ndiye aliyemlipia chuo, ndiye aliyemvuta Afrika Kusini, na bado kila Jumapili alikuwa akitoka kwake Midrand na mumewe Roy kuja Bellevue kuhakikisha mdogo wake amekula. Hakuwahi kugonga mlango. Alisimama koridoni na kuita kwa sauti ya madaha, "Hodi wenye chai!" na hakuingia mpaka aitikiwe karibu. Safari hii ilikuwa likizo yao ya kwanza tangu wafunge ndoa.

Ujumbe wa pili ulifuata maharage yakiwa jikoni. Lorraine alisimulia vibanda vya asali na tini kando ya barabara, mahandaki marefu yasiyo na taa, na makanisa madogo ya mawe yaliyokaa juu ya miamba kama mbuzi.

"Halafu kumbe huku kuna uchaguzi. Kila nguzo, kila mti, karatasi zenye picha za wagombea. Wote wazee, Monie! Kijana hata mmoja hakuna. Utadhani uko nyumbani."

"Mimi kura yangu nampa yule mama wa kilemba," Roy alidakia. "Ana uso wa mtu asiyehongeka."

Picha ikaja. Roy alikuwa kando ya nguzo, ametoa dole gumba, anakenua. Juu ya bega lake, karatasi yenye ukingo mweusi na picha ya mwanamke mzee. Kilemba cheusi. Kope ya jicho la kushoto imelala, kama mtu aliyeanza kukonyeza akakatishwa.

"Shem, umehongwa asali," Monicah aliandika. Ujumbe ulibaki na tiki moja ya kijivu. Handaki jingine, alijiambia.

Ujumbe wa tatu ndio uliogeuza siku.

Ulianza na upepo. Walikuwa wameegesha gari juu ya ghuba ya Kotor, mahali ambapo wageni husimama kupiga picha, na Lorraine alikuwa akieleza rangi ya maji. Kioo kikagongwa, taratibu. Kisha sauti ya mwanamke, kavu, ya chini, ikatamka neno ambalo Monicah hakulitarajia kutoka upande ule wa dunia.

"Hodi."

Kioo kikagongwa tena.

"Hodi."

"Roy, umesikia? Roy! Huyu bibi amebisha hodi! Kiswahili kimefika mpaka huku!" Lorraine alikuwa akicheka, sauti imempanda kwa furaha. "Karibu, mama! Karibu sana!"

"Karibuuu!" Mama Léocadie aliitika kutoka kwenye sinki, bila kugeuka.

Kisha akageuka, akatazama mlangoni, akatazama simu, akapiga paja kwa mkono wenye povu. "Eh! Kumbe ni simu? Mimi nilidhani iko mugeni!"

Walicheka wote wawili. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ambacho Monicah anakikumbuka vizuri.

Kwenye simu Lorraine alikuwa bado akiongea. "Ananitazama tu. Jicho moja limelala, maskini. Haya, amezunguka nyuma ya gari. Roy, ameenda wapi?"

"Atakuwa ameshuka bondeni. Twende."

Injini ikawaka. Matairi yakasaga kokoto. Na mara kikaanza kitu kingine. *Tii. Tii. Tii.*

"Ni nini hiyo?" Lorraine aliuliza.

"Kengele ya mkanda. Gari inadhani kuna mtu kiti cha nyuma. Weka mkoba wako chini."

"Roy." Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Mkoba uko miguuni pangu."

Ujumbe ukaishia hapo.

Monicah anafanya kazi katika kampuni ya bima Midrand. Kazi yake ni kusoma maelezo ya ajali na kutafuta mahali ambapo hadithi haishikani. Kwa hiyo alifanya anachokijua: alirudia. Alisikia kioo kikigongwa, hodi mbili, karibu ya dada yake, injini, kokoto. Alirudia tena, safari hii akiwa ameziba sikio moja. Alisikia springi za kiti zikilalamika kidogo, kama zinavyolalamika mtu akikaa. Kabla yake hapakuwa na sauti ya mlango kufunguliwa. Baada yake hapakuwa na sauti ya mlango kufungwa.

Alifungua ile picha ya Roy na nguzo, akaikuza. Kope ya kushoto.

"Mbona umenyamaza?" Mama Léocadie aliuliza. "Maharage yako inaungua."

Monicah alizima jiko. Aliituma ile picha kwa Milica, mfanyakazi mwenzake, mzaliwa wa Podgorica aliyekuja Johannesburg akiwa mtoto. Milica alimpigia simu hapo hapo.

"Hii picha umeitoa wapi?"

"Dada yangu yuko kwenu. Mgombea huyu ni nani?"

"Mgombea wa nini?" Milica akasema polepole, kama mtu anayemwongoza kipofu kushuka ngazi. "Monicah, hilo si tangazo la uchaguzi. Kwetu mtu akifa, karatasi yake hubandikwa kwenye nguzo ili kijiji kijue siku ya mazishi. Hapo imeandikwa, huyu mama amezikwa Alhamisi."

Monicah alikaa. Alimchezea ule ujumbe wa tatu kutoka kwenye kompyuta yake ya mkononi, simu ameielekeza kwenye spika. Milica alisikiliza mpaka mwisho. Alipoongea tena alikuwa akinong'ona, ijapokuwa alikuwa peke yake nyumbani kwake, mchana kweupe.

"Kwa nini dada yako anacheka?"

"Kwa sababu amebishiwa hodi. Kwetu hodi ni ombi. Ni mgeni anaomba kuingia. Unamjibu karibu."

"Kwetu si ombi," Milica alisema. "Ni neno la wazee, bibi yangu alilitumia kijijini. *Hodi.* Maana yake njoo. Nifuate. Twende. Yule mama hakuwa anaomba kuingia. Alikuwa anamwita dada yako atoke." Akauliza: "Na hilo neno alilojibu, lina maana gani?"

"Ingia," alisema Monicah. "Njoo kwangu. Uko nyumbani."

"Mpigie," alisema Milica. "Sasa hivi."

Monicah alimpigia Lorraine. Haikuita. Alimpigia Roy. Haikuita. Aliandika: *Dada simameni. Tokeni kwenye gari. Sasa hivi.* Tiki moja. Akaandika tena kwa herufi kubwa, kana kwamba mtandao ni mtu mwenye usikivu hafifu. Tiki moja.

Kisha ujumbe wa nne ukaingia, naye akashukuru Mungu kwa sauti, mpaka alipoona kwamba ulikuwa umerekodiwa mapema, kabla ya onyo lake. Ulikuwa umesubiri mtandao. Chochote kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimekwisha kutendeka.

Kengele ilikuwa bado inalia. *Tii. Tii.* Sauti ilikuwa na mwangwi, walikuwa handakini.

"Roy amesimamisha gari, ameenda kuangalia kiti," Lorraine alisema taratibu. "Hakuna kitu. Ila kimelowa. Amekigusa, akanusa, anasema ni maji ya bahari. Tumefunga ule mkanda wa nyuma ukiwa mtupu, ili kengele inyamaze." Alipumua. "Ilinyamaza. Halafu mkanda ukafunguka wenyewe."

Nyuma ya sauti yake, karibu sana na simu, karibu kuliko Roy:

"Hodi."

"Usijibu!" Monicah aliipigia simu kelele. "Dada, usijibu!"

Lakini Lorraine alikuwa ameshajibu, tangu muda huo uliopita, kwa unyenyekevu wa mtu aliyefundishwa adabu akiwa mdogo. "Karibu, mama," alinong'ona. "Si tumeshakukaribisha."

Mama Léocadie alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika. "Mutoto wangu, iko nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa!"

"Bon. Basi usipige kelele namna hiyo. Unaita vitu."

Ujumbe wa tano haukuwa na maneno mengi. Handaki lilikuwa halijaisha. Lorraine alisema hivyo, mara mbili: handaki haliishi, walishaliona lango la kutokea, jeupe, dogo kama sarafu, na halikui. Alisema Roy haongei tena. Alisema Roy anaendesha akiwa ametazama kioo cha nyuma tu.

"Shem!" Monicah alisema. Hakujua alitegemea nini.

Ule wa sita ulikuwa wa mwisho. Injini haikusikika. Kengele haikusikika. Palikuwa na bahari, ikipiga mawe pole pole, na hatua kwenye kokoto, za watu zaidi ya wawili. Lorraine aliongea kama mtoto anayeamshwa usingizini.

"Monie. Tulikosea. Siyo hodi ya kuingia."

Hatua.

"Anasema twende."

Hatua.

"Kuna baridi, mdogo wangu. Niwekee chai."

Jioni ile Monicah alifanya yote ambayo mtu aliye mbali anaweza kufanya, na yote hayo yalikuwa ni kuongea na simu. Hoteli ambako walikuwa wamekodi chumba ilisema hawajafika. Ubalozini mashine ilimweleza kwa upole kwamba ofisi zitafunguliwa baada ya sikukuu ya Jumatatu. Milica aliwapigia simu polisi wa kwao, Monicah akiwa kwenye laini, akabishana nao kwa lugha ambayo kila baada ya sentensi kadhaa Monicah alidhani amelisikia lile neno. Waliahidi kutuma mtu barabarani. Wangepiga.

Alichukua teksi mpaka Midrand, kwa sababu hakuweza kukaa. Alifungua nyumba ya Lorraine kwa ufunguo wa akiba. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kandambili za Roy zilikuwa mlangoni zikiwa zimeelekezwa nje. Alisimama sebuleni akawa hajui amekuja kufanya nini. Hakukuwa na kitu cha kuzima, wala cha kufunga, wala cha kuokoa. Akarudi Bellevue.

Njiani, teksi ikiwa imesimama kwenye taa za barabarani, robot kama wanavyoziita huko, alitazama nguzo za barabarani. Zilijaa karatasi kama kawaida: vyumba vya kupangisha, waganga wa kurudisha wapenzi, makanisa ya uponyaji. Maisha yake yote ya Joburg alikuwa amezipita bila kuzisoma. Sasa aliogopa kuzisoma.

Mama Léocadie alikuwa amempakulia chakula. Monicah alimweleza yote, na mwisho akamwomba jambo moja. "Mama, kukibishwa hodi, usiitikie. Tafadhali."

Mama huyo alimtazama kana kwamba ameombwa avue nguo barabarani. "Nitaacha aje kuitika? Kwetu, mutu akiacha kuitika hodi, ni yeye muchawi." Kisha akaona uso wa binti, akalainika. "Sawa. Nitafunga kinywa. Lakini mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, akifuta mikono yake iliyokuwa mikavu tayari, "ile ya mchana mimi nilikwisha itika."

Monicah akaisukuma sahani pembeni.

Asubuhi ya Jumapili jua lilichomoza safi, bila wingu. Milica alipiga simu, Monicah akiwa hajavua hata viatu vya jana.

"Wameliona gari."

"Wako wapi?"

"Gari, Monicah. Wameliona gari." Milica alikuwa akilia, akijaribu kusoma alichokiandika. "Liko pale pale juu ya ghuba, mahali walipopiga picha. Milango imefungwa kwa ndani, ufunguo uko kwenye swichi. Simu zao ziko ndani. Mikanda mitatu imefungwa vizuri, na hakuna aliyekaa. Mwenye kibanda cha asali kando yake anaapa kwamba halikuondoka pale tangu mchana. Hakuona mtu akishuka."

"Lakini walipita handakini. Nimesikia."

"Mahandaki yote yako nyuma, na mbele ya pale hakuna hata moja," Milica alisema. "Barabara ile naijua. Hakuna."

Wazamiaji wangeshuka majini mchana. Milica angepiga. Monicah alisema ahsante, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa na Lorraine, akakata simu.

Mama Léocadie alitoka kwenda kanisani, kitenge chake kimepigwa pasi, Biblia kwapani. Alitaka kubaki, Monicah alimkatalia. Geti lilifungwa. Nyumba ikatulia. Wapangaji wengine walikuwa wametoka au wamelala.

Monicah alikaa kwenye meza ya jiko. Alisikia bomba likidondosha tone. Alisikia mtoto wa jirani akiimba kwa Kizulu. Kisha hakumsikia tena.

"Hodi wenye chai."

Ilikuwa sauti ya Lorraine. Ilikuwa na madaha yake yote, na lile tabasamu linalosikika kabla halijaonekana. Haikutoka getini. Haikutoka hata barazani. Ilitoka ndani, koridoni, pale anaposimama kila Jumapili kusubiri aitikiwe.

Monicah alifungua kinywa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Miaka yote lilikuwa linatoka lenyewe. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Aliyekuwa nje ya mlango ni dada yake, anasikia baridi, anasubiri kukaribishwa. Au aliyekuwa nje ya mlango alikuwa amejifunza kumwita. Hakuwa na njia ya kujua. Machozi yalipita katikati ya vidole vyake.

"Hodi."

Hakusema karibu.

Ubao wa koridoni ulilia. Kisha ule wa karibu na mlango. Kisha kiti cha upande wa pili wa meza, kile kilichokuwa kitupu, kikalalamika kidogo. Ndipo alipoelewa kwamba jibu lake halikuwa likingojewa. Karibu ilikuwa imeshasemwa katika nyumba hii, jana mchana, kwa roho safi, na mikono yenye povu.

Harufu ya bahari ikajaa jikoni. Kutoka Bellevue mpaka bahari iliyo karibu zaidi ni safari ya kutwa kwa gari.

Monicah hakuinua macho. Alisimama kwa kushika meza, akamgeuzia kile kiti mgongo, akawasha jiko. Alichemsha maziwa na maji kama Lorraine apendavyo, majani mengi, sukari nyingi. Akamwaga kidogo. Alitoa vikombe viwili. Alimimina kimoja, akakisukuma mezani nyuma yake bila kutazama, mpaka kilipoacha kusukumika. Akabaki ameukabili ukuta, akisikiliza pumzi moja tu, akiomba iwe yake.

Alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu, na mto wake umelowa. Kikombe kilikuwa kitupu pia. Kwenye ukingo palibaki mstari mwembamba mweupe, umbo la mdomo. Aliugusa kwa ncha ya ulimi.

Chumvi.

Akamimina kingine.